Jukwaa na Baraza: Lugha ya Shule ya Mtandaoni na Wazazi wa Usambara

Katika Kiswahili cha leo neno jukwaa limepewa kazi mpya. Tangu zamani ni jina la kiunzi kilichoinuliwa, ambacho msemaji au mwigizaji husimama juu yake ili aonekane na kusikiwa na watu waliokusanyika chini. Siku hizi ni jina pia la mahali pasipo mbao wala misumari, yaani mahali pa mtandaoni ambapo shule huweka masomo, alama, matangazo na hesabu za michango, na mzazi aliye mbali huweza kuyasoma kwa simu yake.

Swali linalochunguzwa katika makala haya ni fupi kwa maneno lakini lina uzito kwa matokeo: shule inaposema juu ya jukwaa hilo, ni nani anayeisikia nyumbani, naye huisikia kwa lugha gani? Mahali palipochaguliwa ni Lushoto na milima ya Usambara, kwa sababu huko mambo matatu yamekutana: shule inayoandika Kiswahili na Kiingereza, nyumba inayozungumza Kisambaa, na mabonde ambayo mawimbi ya simu hayayafikii kwa urahisi. Hoja itakayoelezwa ni kwamba ujumbe wa shule hauna budi kutungwa ili uweze kusomwa kwa sauti, maana huko yule anayeshika simu na yule anayemlea mtoto mara nyingi ni watu wawili.

Nchi na lugha zake

Milima ya Usambara imegawanyika sehemu mbili, Magharibi na Mashariki, na bonde la Lwengera ndilo linalozitenga. Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, upo Usambara Magharibi, kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mombo katika nchi tambarare hupanda barabara ya kilometa 30 na zaidi yenye kona nyingi, akapita Soni kabla ya kufika mjini. Mbele ya hapo njia huendelea kwenda Magamba, Lukozi, Mlalo na Mtae, ambako mlima hukatika ghafula na nyika ya Mkomazi huonekana chini kabisa. Wasambaa wenyewe hutofautisha Shambaai, nchi yao ya juu yenye mvua na migomba, na nyika, nchi kavu iliyo chini.

Umbo hilo la nchi lina maana kwa simu. Mawimbi ya simu husafiri vyema pasipo kizuizi kati ya mnara na chombo. Kilele cha mlima hulikinga bonde kama ukuta unavyokinga upepo. Kwa hiyo nyumba mbili zinazotazamana, moja mgongoni mwa mlima na nyingine bondeni, zaweza kuwa na hali mbili mbalimbali: ya kwanza hupata habari saa ile ile, na ya pili huzipata mtu wake apandapo juu kwa shughuli nyingine.

Kuhusu lugha, Kisambaa ni ndugu wa karibu wa Kibondei, Kizigua na Kingulu. Pamoja nacho kuna Kipare, na kuna Kimbugu, lugha mashuhuri miongoni mwa wataalamu kwa sababu ina sarufi ya Kibantu na sehemu kubwa ya msamiati wake wa ndani imetoka katika lugha za Kikushi. Juu ya zote kimesimama Kiswahili. Nacho si mgeni wa jana. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy juu ya watawala wa Usambara, kilipigwa chapa kwa sehemu na misheni ya Magila tangu mwaka 1895, na toleo la J. W. T. Allen likatoka katika miaka ya 1960. Kitabu hicho ni ushahidi wa desturi iliyodumu hadi leo, nayo ni kwamba mambo ya Usambara husemwa kwa Kisambaa lakini huandikwa kwa Kiswahili.

Shule imeongeza ngazi ya tatu. Mtoto huanza kusema kwa Kisambaa nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha akafundishwa kwa Kiingereza katika shule ya sekondari. Kila apandapo ngazi moja, watu wa nyumbani kwake hubaki chini kwa ngazi moja zaidi. Bibi anayemlea humfuata kwa urahisi katika ngazi ya kwanza. Katika ya pili humfuata kwa kusikiliza kuliko kwa kusoma. Na katika ya tatu humngojea arudi amwambie.

Njia zilizotangulia

Kabla ya simu, shule na nyumba ziliunganishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mdomo wa mtoto mwenyewe, aliyetumwa aseme kwamba mwalimu anamwita baba yake. Ya pili ni karatasi, yaani barua na ripoti ya mwisho wa muhula. Ya tatu ni mkutano, uwe kikao cha wazazi shuleni au tangazo lililotolewa baada ya sala msikitini na kanisani. Katika njia hizo tatu, hata karatasi ilikuwa ya kusikilizwa. Barua ilifunguliwa mbele ya watu, akatafutwa ajuaye kusoma, akaisoma kwa sauti, naye aliyeandikiwa akaagiza jibu. Hali kadhalika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na wasikilizaji zaidi ya wale walioweza kulisoma wenyewe.

Serikali ya Tanzania iliifahamu desturi hiyo na kuitumia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitangazwa kwa redio nchi nzima, lakini redio haikuachwa iseme peke yake. Wananchi walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Watu wakasikiliza, wakasomewa, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Waliojiunga wanakadiriwa kuwa watu milioni 2. Madarasa ya ngumbaru ya miaka hiyo nayo yalifuata njia hiyo hiyo ya mtu mmoja kusoma na wengi kusikia, hata wengi wakajua kusoma wenyewe.

Fundisho lake ni dhahiri. Chombo kilikuwa cha kisasa kwa wakati wake, lakini kilichokiwezesha kufika nyumbani ni mambo mawili ambayo si ya chombo: kikundi cha watu wanaoaminiana, na maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya sikio.

Mwaka 2020 na baada yake

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi za sekondari. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo mitatu na zaidi masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na vyombo vya mtandaoni vilivyokuwako tangu awali vikapata watumiaji wapya. Miongoni mwao ni Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na Ubongo, iliyoanza mwaka huo huo ikitengeneza vipindi vya watoto. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, ili mwanafunzi aweze kuvisoma bila kuvinunua.

Baada ya shule kufunguliwa, mawasiliano ya mtandaoni hayakurudi nyuma. Leo mwalimu wa darasa na wazazi hukutana aghalabu katika kundi la WhatsApp. Matokeo ya mitihani ya taifa hutolewa katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Na majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza na cha tano, pamoja na fomu za kujiunga na shule, hutafutwa katika tovuti za serikali. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Nchini Kenya watu wa Eneza Education walichukua njia ya namna nyingine: masomo yao ya Shupavu 291 yalitumwa kwa ujumbe mfupi wa maneno, ili hata simu ndogo isiyo na intaneti iweze kuyapokea.

Tofauti hiyo ya vyombo si ndogo kwa Usambara. Simu ndogo, ambayo Watanzania huiita kitochi au kiswaswadu, hupokea maneno tu, tena kwa mtandao hafifu. Simu janja hupokea picha na sauti, lakini hudai bando na betri. Shule inayoweka kila kitu katika chombo cha pili imekwisha kuwachagua wasikilizaji wake, hata kama haikukusudia.

Msamiati wa chombo

Msomi wa lugha atapenda kujua jinsi msamiati wa mambo haya unavyoingia katika masikio ya mtu wa mlimani. Maneno yenyewe yanaweza kugawanywa mafungu mawili: yale yaliyotokana na kazi za kila siku, ambayo humwongoza msikilizaji, na yale yasiyotoa dalili yoyote ya maana yake.

Katika fungu la kwanza, mifano mizuri ni kupakua na kupakia. Mama aliyepakua ugali chunguni tangu utoto wake hahitaji kufundishwa kwamba kupakua somo ni kulitoa lilipo na kuliweka karibu na mlaji. Na mkulima wa Lukozi anayepakia kabichi katika lori liendalo Dar es Salaam ameelewa tayari kwamba kupakia ni kukabidhi mzigo kwa chombo kitakachoufikisha mbali. Kubofya nako kunatoka mbali na mashine: maana yake ya asili ni kuminya kitu kwa vidole ili kujua ulaini wake, kama mtu anavyobofya parachichi au peasi kabla ya kulinunua. Mtandao unatokana na kutanda, kitenzi kile kile kilichozaa utando wa buibui. Maneno haya yamechukua jambo geni na kuliweka ndani ya nyumba.

Fungu la pili lina maneno kama nywila na tovuti. Yamekubalika na yana faida yake katika vitabu, lakini mtu anayeyasikia mara ya kwanza hapati pa kushika. Kwa nywila kuna mwenzake, nenosiri, ambalo hujieleza lenyewe. Na katika maelekezo kwa wazazi hapana sababu ya kuacha jepesi na kuchukua zito. Neno kiungo nalo lina shida ya namna yake, kwa kuwa jikoni ni binzari na tangawizi, na mwilini ni goti na kiwiko. Mwalimu anayeandika kwamba wazazi wabofye kiungo kilichotumwa hana kosa la sarufi, lakini angeokoa muda wa wengi kama angeandika kwamba wabofye maandishi ya rangi ya buluu yaliyo chini.

Rununu ni mfano wa neno lililotungwa likapendwa na waandishi lakini lisipendwe na wasemaji. Watu wa kawaida wamebaki na simu, au simu ya mkononi, na pale panapohitajika tofauti wamejitungia wenyewe kitochi kwa sababu ya kurunzi yake. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, zimetunga na kusanifu maneno mengi. Lakini mwamuzi wa mwisho amekuwa siku zote ni msemaji. Katika mawasiliano ya shule na nyumba, neno la kuchagua ni lile ambalo bibi atalirudia kwa jirani yake bila kuuliza maana.

Mzazi, mlezi na mwenye simu

Maneno ya chombo yakieleweka, hubaki neno moja zito kuliko yote, nalo ni mzazi. Fomu za shule huandika mzazi au mlezi, kisha huacha nafasi ya namba moja ya simu. Fomu hiyo inadhani kwamba anayemlea mtoto, anayemlipia mahitaji yake, anayejua kusoma na anayeshika simu ni mtu mmoja.

Huko Usambara dhana hiyo haikai vizuri. Tangu mkonge ulipoletwa katika nchi hii mwaka 1893 na mashamba yake kuenea chini ya milima, wanaume wa mlimani wameshuka kutafuta kazi, kwanza mashambani na Tanga, baadaye Dar es Salaam na kwingineko. Watoto huachwa na mama yao, au kwa nyanya yao, shangazi au mjomba. Basi namba iliyoandikwa shuleni mara nyingi ni ya baba aliye mjini, ambako mtandao ni mwema. Hapo hutokea jambo la ajabu: habari kwamba mtoto hakufika shuleni kijiji fulani cha Mtae hufika Dar es Salaam kabla ya kufika nyumba iliyo umbali wa kusikia kengele ya shule. Baba hupiga simu usiku kwa hasira; mama, ambaye mtoto alikuwa naye shambani siku nzima akipanda viazi, ndiye wa mwisho kupata habari, ilhali ndiye peke yake aliyeweza kubadili jambo.

Lugha yenyewe imeweka tofauti ambayo fomu imeisahau. Mzazi hutokana na kuzaa, jambo linalotendeka mara moja kwa kila mtoto. Mlezi hutokana na kulea, kitenzi cha muda mrefu, tena kinachoweza kuwa na watendaji wengi. Shule inayotaka kuunganisha masomo na nyumba inamtafuta mlezi, kwa maana hiyo ya kitenzi. Kwa hiyo fomu ingefaa iulize maswali matatu badala ya moja: mtoto analala kwa nani, nani nyumbani husoma Kiswahili, na simu iliyo karibu ni ya nani. Majibu yakiwa majina matatu, shule itakuwa imejua njia ambayo habari zake zitapita.

Lugha ya ujumbe

Sasa na itazamwe lugha ya ujumbe wenyewe. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mtindo wake ni ule wa matangazo ya ofisini yanayofahamika kwa kila mtu:

Mzazi/Mlezi unataarifiwa kuwa tathmini endelevu ya mwanafunzi imepakiwa kwenye mfumo. Unatakiwa kuingia kwa kutumia nywila uliyopewa, kuhakiki taarifa na kuthibitisha kabla ya tarehe tajwa.

Hapana neno moja hapo lisilo Kiswahili, wala hapana kosa la upatanisho. Hata hivyo ujumbe huo hauwezi kusomwa kwa sauti ukamfaa mtu. Mtendaji amefichwa, kwa kuwa haijulikani ni nani anayetaarifu. Alama hazimo, ila habari tu kwamba zipo mahali pengine. Tarehe imeitwa tajwa, lakini haikutajwa. Na mlezi anayeambiwa ahakiki na kuthibitisha hakuambiwa afanye nini na mtoto. Akiwa hana simu janja, ujumbe umeisha kabla haujaanza.

Ujumbe huo huo ungeweza kuandikwa hivi:

Mama, mimi ni mwalimu wa Hisabati. Mwezi huu mtoto wako amepata alama 38 katika 100. Kugawanya kunamshinda. Kila jioni mpe maharage 20, ayagawe mafungu 4 yaliyo sawa, akuambie kila fungu lina mangapi. Ahesabu kwa Kisambaa kama apenda. Njoo shuleni Jumatano saa 4 asubuhi tuzungumze.

Tofauti ya jumbe hizi mbili si ya urefu. Wa pili una msemaji na msemwaji, una jambo moja baya lililosemwa bila kumvunjia mtu heshima, na una kazi inayoweza kutendeka gizani, mtandao ukiwapo au usiwepo. Unaweza kuingia katika simu ndogo. Unaweza kusomwa na jirani, ukafikishwa kwa mdomo kwa bibi asiyejua kusoma, na usipungukiwe maana. Tena umeipa lugha ya nyumbani ruhusa ya kufanya kazi ya shule. Ruhusa hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu walezi wengi hujitenga na masomo ya watoto wakidhani kwamba asiyejua lugha ya shule hana la kufundisha. Mwanamke aliyegawa mbegu, siku za maji ya mfereji na fedha za mboga maisha yake yote anajua kugawanya. Lililokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba jambo analolijua ndilo somo lenyewe.

Katika sekondari kazi ni ngumu zaidi. Ukurasa wa matokeo ya darasa la saba una maneno mengi ya Kiswahili, kama vile Maarifa na Hisabati, na mtu aliyesoma madarasa machache huweza kuufuata. Ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne ni mfululizo wa vifupisho vya Kiingereza: CIV, HIST, GEO, na mwisho DIV pamoja na tarakimu za Kirumi. Mzazi huuliza swali moja tu, je, amefaulu au hakufaulu, na mara nyingi hujibiwa kwa namba asiyojua kama kubwa ndiyo njema au ndogo. Shule ya sekondari inaweza kufundisha kwa Kiingereza na bado ikatuma kwa kila nyumba mistari mitatu ya Kiswahili inayoeleza maana ya alama hizo na hatua inayofuata. Sera ya lugha ya kufundishia haikatazi jambo hilo.

Mtoto kama mkalimani

Kisipokuwapo Kiswahili cha namna hiyo, pengo huzibwa na mtu mmoja, naye ni mtoto. Yeye ndiye ajuaye kufungua simu, yeye ndiye asomaye, na yeye ndiye afasiriye kwa Kisambaa. Kwa mambo mengine hili ni jema. Wengi wameisaidia familia kwa njia hiyo na kupata heshima. Lakini katika habari za shule mkalimani ndiye mshtakiwa. Mtoto aliyekosa siku tisa darasani hupewa ujumbe wa kukosa kwake ili amsomee bibi, naye anaweza kuufupisha apendavyo. Ubaya zaidi hutokea mtoto anapofasiri kwa uaminifu bila kuelewa. Aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hupewa tarehe ya kuripoti na orodha ya mahitaji. Siku ikisomwa vibaya, au ikisomwa vyema lakini mlezi asielewe kwamba elimu isiyo na ada, iliyoanza Januari 2016, haikuondoa sare, madaftari na nauli, mtoto anaweza kukaa nyumbani wiki za kwanza za mwaka, akaanza masomo ya Kiingereza wakati wenzake wamekwisha kusonga mbele. Lililomchelewesha si ujinga wa mtu wala ukali wa mlima. Ni sentensi iliyoandikwa bila kumfikiria atakayeisikia.

Kuna na suala la siri. Ripoti ya karatasi ilikunjwa ikatiwa mfukoni. Orodha ya alama inayowekwa katika kundi la wazazi husomwa na kijiji kizima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewapa watu haki juu ya habari zao, na habari za mtoto hazikuachwa nje. Baraza la Mitihani nalo, Januari 2023, liliacha desturi ya kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Kwa hekima hiyo hiyo, mwalimu atafanya vyema kuweka katika kundi yale yanayowahusu wote, kama siku ya kikao au somo la wiki, na yale ya mtoto mmoja kuyapeleka kwa mlezi wake. Kwa kuwa ujumbe huo huenda ukasomwa na jirani, mwalimu hatapeleka kwa njia hiyo jambo lolote la aibu. Atamwita mlezi shuleni. Mambo ya kusomwa kwa sauti ni yale ambayo mtu hataona haya yakisikiwa.

Kutoka jukwaa hadi baraza

Neno jukwaa limechaguliwa na watu, nalo litabaki. Lakini picha iliyomo ndani yake ni ya mmoja aliye juu na wengi walio chini, na ndivyo jumbe nyingi za shule zilivyo: hushuka, hazipandi. Kiswahili kina neno jingine, baraza. Nalo lina maana nyingi, hata za serikali, lakini asili yake ni mahali pa mbele ya nyumba ambapo mwenyeji na mgeni huketi kwa usawa, mmoja akisema na mwenziwe akijibu. Kundi la wazazi lililo na nafasi ya kujibu, na mwalimu anayesoma majibu, hata yakiwa kwa sauti iliyorekodiwa na mama asiyejua kuandika, limekaribia maana hiyo. Sauti hiyo ya kurekodi huenda ndiyo zawadi kubwa ya simu janja kwa nchi kama Usambara, kwa sababu humpa asiyeandika nafasi ya kuwa mtuma habari na si mpokeaji tu.

Kazi ya watu wa lugha katika jambo hili ni bayana. Minara itajengwa na wahandisi, na vyombo vitauzwa na wafanyabiashara. Lakini hakuna mhandisi atakayeamua kama mwalimu aandike tarehe tajwa au Jumatano saa 4 asubuhi. Vyuo vinavyofundisha walimu vinafundisha uandishi wa barua rasmi. Vingeweza kufundisha pia uandishi wa ujumbe wa mistari mitano kwa mlezi, na kuujaribu kwa kipimo kilicho rahisi: usomwe mara moja kwa sauti mbele ya mtu asiyeuona, kisha aulizwe atafanya nini jioni ile. Akijibu bila kusita, ujumbe umefika. Akinyamaza, kosa halimo katika simu wala katika mlima, na mwalimu hana budi kuuandika upya.